MJADALA: Anayeanza kujifunza programu aandike komenti kwa Kiswahili au Kiingereza?

Wanajamvi, salaam kutoka Mwanga, Kigoma. Kila Jumamosi nawafundisha vijana wa sekondari kuandika programu za kompyuta kwa lugha iitwayo Python. Juzi mwenzangu tunayefundisha naye aliwakataza kuandika komenti kwa Kiswahili, eti wazoee Kiingereza mapema. Naona amekosea, na jambo lenyewe linaniuma.

Kwa asiyejua, komenti ni maneno yanayokaa baada ya alama ya #. Kompyuta inayaruka, hayabadilishi hesabu hata kidogo. Anayeyasoma ni binadamu tu.

Binti mmoja anatengeneza programu ya mama yake anayeuza dagaa wakavu Kibirizi. Alipobanwa na Kiingereza aliandika kwamba hapa anazidisha kilo kwa bei. Lakini mstari ulikuwa jumla = kilo * bei, umeshajieleza! Nikamwambia aandike kama anavyomweleza mama yake. Akaenda kwenye mstari mwingine kabisa:

# mizani imepima pamoja na gunia, toa kilo 1
kilo = kilo - 1

Hiyo ndiyo komenti. Bila hiyo ningeiona ile 1 nikadhani ni kosa, nikaifuta, na wateja wangelipishwa gunia kwa bei ya dagaa. Sababu ile alikuwa nayo kichwani tangu mwanzo, ila Kiingereza chake hakikuweza kuibeba.

Mchangiaji, Kasulu:
Mwalimu, hapo nakupinga. PEP 8, mwongozo wa uandishi wa Python wa tangu 2001, unawaomba watu wa nchi zisizozungumza Kiingereza waandike komenti kwa Kiingereza. Kijana akikwama usiku, watu wa kumsaidia mtandaoni wataelewaje Kiswahili chake? Sekondari yenyewe masomo ni kwa Kiingereza. Unawachelewesha.

Mleta mada:
Ndugu yangu wa Kasulu, isome sentensi hiyo hadi mwisho: isipokuwa una uhakika wa asilimia 120 kwamba programu haitasomwa na mtu asiyejua lugha yako. Hesabu za dagaa wa Kibirizi anazisoma binti, mama yake na mimi.

Hilo la sekondari ndilo linalonipa nguvu zaidi. Watoto hawa wametoka shule za msingi za serikali, miaka saba wamesoma kwa Kiswahili, na sasa wanahangaika na Kiingereza cha baiolojia na cha fizikia. Tuwaongezee kingine mahali ambapo kompyuta yenyewe haikidai?

La kuomba msaada nakubali, tena bila ubishi. Siku programu inapokwenda kwa watu wa nje, komenti zigeuzwe Kiingereza. Kwa programu ya mistari arobaini ni kazi ya jioni moja, na nitakaa naye tuifanye pamoja.

Jumamosi hii kila kijana atapewa programu ya mwenzake aieleze bila kumuuliza mwenyewe. Nusu wataandika komenti kwa Kiswahili, nusu kwa Kiingereza. Mwenzangu amekubali kuja kuangalia. Walimu wa Kibondo na Tabora, nyie kwenu mnafanyaje?