Mazoea ya mzee wangu tangu kafyu ya korona

Mwana wa Langoni, Lamu

Assalaam aleikum. Kafyu ilipoanza tarehe 27 Machi 2020, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na misikiti ikafungwa, nyumbani kwetu hakuna aliyepata korona. Hata hivyo baba yangu, ambaye kila siku alikwenda msikitini kwa miguu mara tano na baada ya Alasiri akaketi barazani na wenzake, alianza kulala mchana na kukesha na simu akifuatilia hesabu ya vifo, huku birika la chai ya maziwa likiwa ubavuni mwake. Ramadhani ilipoingia, kikoi chake hakikufungika tena kwa mkunjo wa zamani, na mtoto akiangusha kikombe tu, mtaa mzima ulisikia. Je, mambo madogo kama haya yanaweza kumdhoofisha mtu ambaye hakuambukizwa? Nauliza kwa sababu usingizi wake haujatengemaa mpaka leo.

Mkaazi wa Shela

Wa aleikum salaam. Yanaweza, dada. Mwili una saa yake, nayo hurekebishwa kila siku na mwanga wa asubuhi; anayelala hadi adhuhuri, kisha akaikodolea macho simu usiku, huivuruga. Tena fanya hesabu: ikiwa msikiti uko mwendo wa dakika tano, safari tano za kwenda na kurudi ni dakika 50 kwa siku, yaani 350 kwa wiki, ilhali Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za kuuchangamsha mwili kwa wiki. Mzee alikuwa akifanya mazoezi bila kuyaita mazoezi. Chai sitaigusa, maana Lamu nzima itanigeukia.

Mke wa nahodha, Malindi

Naafiki, lakini tusimhesabie mzee makosa. Wageni walipokatika huku kwetu, mume wangu, anayepeleka watalii kwenye matumbawe, alikosa usingizi kwa kutojua unga wa kesho utatoka wapi, wala si kwa sababu ya simu. Kilichomtuliza ni nyavu kuukuu za marehemu babake: kila baada ya Alfajiri alizitandaza ukumbini, akashona tundu moja moja mpaka jua lilipofika kizingitini, ndipo akatuita tunywe chai. Hakuvua kwa nyavu zile hata samaki mmoja, ila ilipofika saa nne usiku alikuwa amelala.

Mwana wa Langoni, Lamu

Ahsanteni sana. Baba hana nyavu, lakini mwenzake wa bao yu hai. Nitamwomba ampitie mlangoni kila Alfajiri, na simu italala chumbani kwangu.