Mlioingia uwanja wa kriketi wa Nairobi Gymkhana kati ya 1996 na 2003, tupeane uzoefu

Baba Wambo
Jana nimekwama kwa matatu Forest Road (najua siku hizi inaitwa Wangari Maathai, mimi bado ni Forest), dakika arobaini gari halisongi, kijana wangu wa darasa la sita ananiuliza hapo ndani ya ukuta kuna nini. Nikamwambia hiyo ni Gymkhana, kuna rekodi ya dunia iliwekwa hapo na ikakaa miaka 17. Akacheka. "Hapa Ngara?" Nikamwambia na hapo hapo Kenya ilimchapa mtu aliyewahi kubeba Kombe la Dunia. Akauliza kombe la nini, nikasema kriketi, akarudi kwa simu yake. Usingizi umekataa tangu jana. Kuna mtu hapa alikuwepo ama nimebaki peke yangu? Ulikaa upande gani, uliona nini, ulifika nyumbani aje. Leteni.

Daftari la Visanduku
Niko. Ijumaa, 4 Oktoba 1996, nilikuwa form one na shule sikwenda, hiyo tuiwache hapo. Mjomba wangu alikuwa mgonjwa wa kriketi, ndiye aliyenifundisha kuandika skoo kwa daftari ya hesabu ile ya visanduku, kila mpira na kisanduku chake, nukta kama hakuna kitu, namba kama kuna mikimbio, hizo ndizo pointi za kriketi. Ilikuwa Pakistan na Sri Lanka, na Sri Lanka wakati huo ndio mabingwa wa dunia, kombe wamelichukua Machi hiyo hiyo. Pakistan wako 60, wiketi ya kwanza ikaanguka, yaani mpigaji wa kwanza ametolewa, akaingia kijana hatumjui. Aliletwa kama mrushaji wa spini, ile mipira ya kuzungushwa, nafasi ya Mushtaq Ahmed aliyeumia, na juzi yake walipocheza na sisi pale Aga Khan hata zamu ya kupiga haikumfikia. Mjomba akasema huyu ametumwa akafe haraka ili wakubwa waingie.

Nikaandika 6, mpira umeruka mpaka nje ya kamba. Nikaandika tena 6. Mahali fulani ncha ya penseli ikavunjika, kichongeo sina, nikaanza kuichonga kwa meno na huku mipira inaendelea kuruka, naskia watu wanapiga kelele nami niko na mbao mdomoni. Kuinua kichwa mjomba mwenyewe amesimama juu ya benchi, mtu mzima na kofia yake. Shahid Afridi, mia kwa mipira 37, sita ziko 11. Alitoka na 102 kwa mipira 40. Daftari yangu inasema 84, ni kwa sababu ya ile penseli, na mjomba alinikumbusha hiyo 84 mpaka siku alipokufa.

Na kuna kitu watu husahau, rekodi ya zamani ya mipira 48 ilikuwa ya Jayasuriya, na Jayasuriya ndiye alikuwa anarusha hapo. Ova zake 10, kila ova mipira sita, zililiwa mikimbio 94. Yaani mtu ameshika mlango mwenyewe akiibiwa.

Kibe
Kabisa. Na Saeed Anwar alipiga 115 siku hiyo hiyo, hakuna anayemtaja.

Mzizima
Majirani hongereni kwa stori ila tuambizane ukweli. Nairobi iko juu, mita zaidi ya 1,600, hewa nyepesi, mpira ukiguswa tu unakwenda wenyewe. Hapo hata mimi na gongo langu ningefika hamsini.

Kibe
Na Sri Lanka walipoingia jioni hewa ilikuwa nzito? Wakitafuta 372 walitolewa wote na 289.

Mzizima
Haya na umri wa Afridi? Mlitangaziwa miaka 16, mwenyewe 2019 kaja kukiri alizaliwa 1975.

Daftari la Visanduku
Awe 16 awe 60, mpira hauulizi kitambulisho. Kama unataka kulalamika lalamikia gongo, lilikuwa la Tendulkar wa India, Waqar Younis mwenzake wa Pakistan ndiye aliyemwazima.

Mzizima
Kwetu Bongo gongo ni kitu kingine kabisa, na ukiazima la mtu unaamkia mtaroni 😂

Mama Flaski
Mimi niliuza chai na mandazi nje ya geti mechi nyingi za hapo na sijawahi kuona mpira hata mmoja. Ukuta ni mrefu na flaski haziachwi. Lakini matokeo nilikuwa najua kwa chai. Sita ikipigwa kelele inakuja na hakuna mtu anatoka. Wiketi ikianguka wanatoka watatu wanne, wanalaumiana huku wanakunywa. Mechi ikiwa mbovu mandazi yanaisha mapema. Siku ile ya Kenya na Sri Lanka, Kombe la Dunia 2003, mchana biashara ilikuwa nzuri sana, nikajua Kenya wanapiga vibaya. Baada ya chakula hakuna mtu alitoka tena. Hakuna hata mmoja. Chai ikapoa nikasema leo nimepata hasara, kelele inakuja juu ya kelele. Jioni geti likafunguka wakamwagika kama siafu, mzee mmoja Mhindi akanunua flaski zote mbili chai baridi vile ilivyo akasema gawia watu. Sikujua nani ameshinda mpaka nikamuuliza polisi.

Bhai wa Parklands
Mama Flaski huenda huyo mzee ni babangu, siwezi kataa 😂

Yangu mimi ni ya kilio. Jumapili 15 Oktoba 2000, fainali ya lile kombe la mtoano la ICC, wale wakubwa wa kriketi duniani, India na New Zealand, hapa hapa. Sisi Wakenya lakini siku hiyo nyumbani kwetu tulikuwa India kuanzia paa mpaka msingi. Mama ameamka saa kumi kukaanga, tumebeba bhajia, chevda, chapati za kukunja, maji ya ndimu kwa ile mitungi ya plastiki ya njano. Wiki moja kabla tulikuwa tumeona India ikitoa Australia, Yuvraj kijana mdogo, mechi zake za kwanza kabisa, amepiga 84, tukasema kombe liko kwa gari tayari. Fainali Ganguly na Tendulkar wakafungua na 141 bila hata mmoja kutoka. Babangu akaanza kupigia watu simu kuwaalika chakula cha jioni. Ganguly 117. Halafu, sijui mtu wa ngapi akatoka, tukaanza kunyauka, tukaishia 264.

New Zealand wakawa 132 kwa 5, yaani mikimbio 132 na watano wametoka. Baba akaongeza wageni. Hapo ndipo yule Chris Cairns, goti bovu, anachechemea, akashikilia. Hakuwa na haraka. Mimi nilikuwa nimekaa na bakuli ya chevda magotini na nakumbuka nilikuwa nimeacha kutafuna, punje ya njegere imekaa ulimini. Ikabaki mipira miwili wakamaliza. Cairns 102 na hakutolewa. Tulirudi kwa miguu mpaka Parklands na zile mitungi, hakuna mtu anaongea, na tukafika tukakuta wageni wa baba mlangoni na shada la maua.

Baba alisema neno la kwanza Jumanne. Alisema, "Chumvi."

Kibe
Chumvi 😭😭

Msiba wa Jumatatu
Nilikuwa napita tu lakini huyu mama wa chai amenifukua. Msinitafute mimi ni nani.

2003 nilikuwa karani kwa ofisi moja mjini, miezi minne kazini. Kenya na Sri Lanka imeangukia Jumatatu, 24 Februari. Bosi ruhusa kwake ilikuwa kama kumwomba figo. Ijumaa nikamwambia nyanya yangu mzaa mama amefariki huko nyumbani Siaya. Akanipa pole na siku tatu. Kile sikutegemea ni kwamba saa tisa wenzangu walikuja na bahasha ya kaki, wamenichangia 4,700. Mmoja alikuwa analia. Nikapokea. Ningefanya nini?

Jumatatu niko Gymkhana, tai nimeifunga kichwani. Kennedy Otieno akapiga 60, Murali wa Sri Lanka akatukata wanne, tukafika 210 kwa 9 na kila mtu karibu yangu akasema haitoshi. Halafu wakampa mpira Collins Obuya. Nilikuwa nimekaa pembeni kabisa, nilichokiona ni mkono tu, ule mkono wa spini unavyozunguka juu halafu kimya kidogo, halafu watu. Ova 10, mikimbio 24, wiketi tano. Sri Lanka wote nje na 157. Tumeshinda na 53. Timu ikaanza kuzunguka uwanja na mimi ndugu zangu sijui nilivukaje, nikajipata kwenye nyasi karibu na kamba nakimbia nao na tai kichwani.

Jumatano asubuhi nikanyoa kipara ili nionekane wa matanga, nikaingia ofisini na uso wa huzuni. Kila mtu kimya. Bosi akaniita ndani akafunga mlango. "Pole sana. Nimeona mazishi kwa taarifa ya habari. Kumbe kwenu marehemu huzungushwa uwanja."

Nikajua nimeenda. Akanyamaza, halafu akaniambia kaa chini unieleze ile wiketi ya tano ilivyokuwa. Nikamweleza mechi yote mpira kwa mpira mpaka saa sita. Aliposhiba akanipa barua ya onyo ambayo alikuwa ameiandika tangu Jumanne.

Mzizima
Aisee.

Kibe
Na ile 4,700?

Achieng' wa Kisumu Ndogo
Hapo kwa 4,700 ndio pa kuanzia. Aliyekuwa analia alirudishiwa?

Fundi Saa
Ushauri kwa vijana: usiue mtu kamwe. Ua gari. Gari likiharibika hakuna mtu anachanga.

Bhai wa Parklands
Gari watataka risiti ya gereji. Ua jino. Shika shavu, ongea nusu nusu, wanakuogopa wenyewe.

Mama Flaski
Ama useme ukweli. Mimi nilikuwa naambia watoto wa shule walionunua kwangu, ukweli ni viboko vinne tu na imeisha.

Fundi Saa
Mama wewe ulikuwa unawauzia chai saa nne asubuhi na uniform 😂

Mzizima
Turudi kwenye mpira. Hiyo safari yenu ya 2003 mnaipamba sana. New Zealand walikataa kuja Nairobi mechi ya tarehe 21 mkapewa pointi nne za mezani. Nusu fainali ya mezani hiyo.

Daftari la Visanduku
Waliogopa usalama baada ya bomu la Kikambala, Novemba iliyotangulia, hilo sio kosa la Tikolo na vijana wake. Sri Lanka tuliwapiga kwa meza? Bangladesh? Zimbabwe? Mpaka leo hakuna nchi nyingine isiyo ya Test, zile mechi za siku tano za daraja la juu, iliyofika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Na hapo kwa Australia mzee Aasif Karim alirusha ova 8 na mipira miwili, akatoa mikimbio 7 tu, wiketi tatu. Saba! Meza gani hiyo.

Baba Wambo
Mimi nilikuwa na tikiti ya hiyo ya New Zealand. Nilienda tu nikasimama nje nikaangalia geti limefungwa.

Achieng' wa Kisumu Ndogo
Na muache kuchanganya, Kennedy Otieno na Collins Obuya ni ndugu. Naona kwa uzi mwingine mtu anabisha.

Kibe
Otieno na Obuya wapi na wapi?

Achieng' wa Kisumu Ndogo
Kennedy Otieno Obuya. Na David naye. Ndugu watatu. Wewe kwenu kila mtu anatumia jina la tatu?

Daftari la Visanduku
Kile kinaniuma mimi ni 1997, 10 Oktoba, uwanja huo huo. Kenya 347 kwa 3 na Bangladesh. Huyo Otieno 144, Chudasama 122, wameweka 225 kabla ya wa kwanza kutoka. Siku hiyo penseli nilibeba mbili na daftari iko sawa mpaka leo, kila kisanduku. Tuliwacheka Bangladesh njia nzima mpaka Pangani. 2000 wao wakapewa Test. Sisi 2014 hata hadhi ya mechi za kimataifa za siku moja tukanyang'anywa. Ukipita hapo kwa jamu, Baba Wambo, mwonyeshe kijana hiyo 347, sio Afridi. Afridi alikuwa mgeni.

Baba Wambo
Nimemsomea uzi wote. Kuhusu 347 amesema sawa. Ana swali moja tu, kwa huyu wa msiba. Nyanya mwenyewe alijua?

Msiba wa Jumatatu
Alijua. Niliogopa laana nikapanda basi Pasaka nikamwambia. Alinyamaza kidogo halafu akauliza walichanga ngapi. Nikasema 4,700. Akasema basi lete nusu, aliyekufa ni mimi.

Bhai wa Parklands
Ukampa?

Msiba wa Jumatatu
Alitaka yote baadaye.

Kibe
Kuna mtu bado ana tikiti ya fainali ya 2000? Hata iliyoraruka. Nauliza kwa ajili ya mzee wangu.