Wimbo wa kutungiwa ukikupaisha, ni wako?

Wakuu, salaam. Bendi ya roki ikiletewa wimbo uliotungwa na watu wengine kwa ajili ya filamu, kisha ukawa mkubwa kuliko yote iliyowahi kutoa, tuuhesabu kuwa kazi yake?

Mfano wangu ni Simple Minds wa Glasgow na "Don't You (Forget About Me)". Mwaka 1985 John Hughes alitoa The Breakfast Club, filamu ya wanafunzi watano wanaotumikia adhabu shuleni siku ya Jumamosi. Wimbo wake ulitungwa na Keith Forsey na Steve Schiff. Mwimbaji Bryan Ferry alipelekewa, akakataa. Mwimbaji mwenzake Billy Idol naye akakataa. Simple Minds wenyewe mwanzoni waligoma, maana walizoea kujitungia, hawakuona sababu ya kuimba za watu. Mwishowe wakakubali, na Mei mwaka huohuo ukashika namba moja Marekani, nchi ambayo hadi hapo ilikuwa haiwajui sawasawa.

Oktoba wakatoa albamu yao, Once Upon a Time. Wimbo haumo! Namba moja ya Marekani unaiachaje nje? Kwangu mimi walijua si wao. Sifa ni ya Forsey na Schiff. Bendi ilifanya kibarua kizuri, ikalipwa. Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza
Mleta mada, hivi huwa unausikiliza mpaka mwisho? Ile "la la la la" ya kufungia haikutoka kwa watunzi. Jim Kerr, mwimbaji wa Simple Minds, alijazia tu mahali pasipo na maneno, akidhani atarudi kuandika mashairi ya maana, Forsey akamwambia iachwe hivyohivyo. Sikiliza inavyokuja: muziki unashuka, Kerr anabaki karibu ananong'ona, halafu Mel Gaynor anazishukia ngoma na kila kitu kinarudi kwa kishindo. Kwenye matamasha yao watu hawangojei beti ya pili, wanangojea hapo. Kibarua gani huyo anayeacha sehemu inayokumbukwa kuliko zote?

Mchangiaji wa pili
Mimi niko na mleta mada, ila amechukua mfano laini. Waangalieni Aerosmith, bendi ya roki ya Marekani. Wapo tangu 1970, wamejitungia nyimbo kibao. Namba moja yao ya pekee kwenye Billboard Hot 100, chati kuu ya nyimbo Marekani, ni ipi? "I Don't Want to Miss a Thing" ya 1998, kazi ya Diane Warren, kwa ajili ya filamu ya Armageddon, ambamo binti wa mwimbaji wao Steven Tyler, Liv, anaigiza. Vinanda vimejaa, gitaa limekaa nyuma kama mgeni. Huku kwetu wengi wanadhani Aerosmith ni bendi ya nyimbo za harusi. Hiyo si haki kwa bendi.

Mchangiaji wa tatu
Bendi ya Survivor waliombwa na Stallone wimbo wa filamu yake Rocky III, wakakaa wakaandika "Eye of the Tiger" wenyewe, 1982. Kumbe inawezekana. Hao wengine uvivu tu.

Mleta mada
Wa tatu, taratibu, Simple Minds hawakuombwa watunge.

Wa kwanza, hoja yako ya "la la la" ni nzito, lakini ni hoja ya uimbaji. Wimbo ukipigwa redioni, mirabaha ya utunzi inakwenda kwa walioandikwa kuwa watunzi. Sisi wenyewe tumebishana miaka kuhusu "Malaika", ni ya Fadhili William au Adam Salim, na katika ubishi huo hakuna anayesema ni ya Miriam Makeba, japo yeye ndiye aliyeizungusha duniani. Kwa nini Kerr apewe asichopewa Makeba?

Mchangiaji wa kwanza
Mkuu, mirabaha ni ya mahakamani na benki, umetuuliza kuhusu kazi. Nikupe kipimo: Billy Idol, aliyeukataa, aliurekodi mwenyewe mwaka 2001. Maneno yaleyale, muziki uleule, na Forsey ndiye prodyuza aliyemtengenezea Idol nyimbo zake kubwa za miaka ya themanini. Kama wimbo ni wa watunzi peke yao, huo nao ungewaka. Utafute, usikilize wote, halafu rudi hapa utuambie kwa nini haukushika.