Shule ndogo ya binafsi na maandalizi ya chuo: niulize nini kabla ya kulipa ada?

Mama wa Kihesa

Habarini wanajukwaa. Wakubwa shikamooni.

Naomba ushauri wa walimu na wazazi mliopitia hili. Binti yangu amefaulu vizuri kidato cha nne na anataka PCB (fizikia, kemia na baiolojia). Serikali imempangia shule kubwa ya bweni, mbali na Iringa. Wakati huohuo tumepata nafasi kwenye shule ndogo ya binafsi huko Njombe, ambako kidato cha tano na cha sita kwa pamoja hawafiki mia. Ada nimeipigia hesabu, tukibana tutaiweza.

Kinachoninyima usingizi siyo divisheni. Kaka yake alisoma shule ndogo ya aina hiyohiyo akatoka na One ya 6. Mwaka wa kwanza chuoni akarudi nyumbani na sapu (mitihani ya kurudia) za masomo matatu. Si mlevi, si mtoro. Nilipomuuliza akanijibu, "Mama, hakuna aliyeniambia testi ni lini." Nikamwelewa. Miaka miwili aliamshwa kwa kengele, akahesabiwa prepo (kipindi cha kujisomea jioni), akaandikiwa notisi ubaoni, patroni akamkumbusha hata kufua.

Sasa naomba mnieleze: shule ndogo inamwandaaje mtoto aje aishi mahali pasipo na kengele? Na nikienda kuonana na mkuu wa shule niulize nini, nisije nikaishia kuonyeshwa orodha ya waliopata One?

Kimbweta cha Nyuma

Mama shikamoo. Niko mwaka wa tatu hapa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mimi nimetoka shule ndogo. Darasa letu la kidato cha sita tulikuwa tunajuana hadi majina ya wadogo zetu.

Kilichonitisha wiki ya kwanza ni wingi wa watu. Unaingia ukumbi wa Yombo mko mamia, mhadhiri anaongea kwa kipaza sauti, ukichelewa unakaa kwenye ngazi. Shuleni mwalimu akiniangalia tu usoni anajua sijaelewa, anarudia. Huku usipoelewa ni wewe na kimbweta chako, ile meza ya kujisomea nje.

Ila kuna kitu shule yangu ilinipa na nitaishukuru daima. Kila Ijumaa jioni mmoja wetu alisimama mbele kueleza mada aliyoisoma mwenyewe, kwa Kiingereza, na wenzake wakamhoji mpaka basi. Semina za mwaka wa kwanza zilipoanza, kuna wenzangu vichwa kweli kweli kunizidi, lakini wakiambiwa wasimame wanatetemeka. Mimi nilikuwa nimeshatetemeka mapema, mbele ya watu wanaonijua.

Walichosahau ni pesa. Bumu (pesa ya Bodi ya Mikopo) la chakula na malazi ni 10,000 kwa siku, lakini haliji kwa siku. Linaingia la miezi miwili kwa mkupuo, kama laki sita. Kijana ambaye shuleni pesa yake ilikaa kwa matroni, anachukua elfu mbili mbili kwa kusaini, laki sita hiyo inamvuruga. Wiki ya tatu anaanza kukopa.

Mtaaluma Nyanda za Juu

Mama, nafundisha baiolojia kwenye shule ndogo huku Nyanda za Juu Kusini, na ndimi mwalimu wa taaluma. Siyo shule unayoifikiria wewe, kwa hiyo sikuvutii kwangu.

Udogo wa shule unatuwezesha kumjua kila mtoto, na huko kumjua ndiko kunakomlemaza tusipojizuia. Mtoto akikosa kipindi cha saa mbili, saa mbili na robo nimeshatuma mtu bwenini. Wazazi wanatupenda kwa hilo. Lakini mkono unaomshika inabidi uanze kumwachia angali kwetu, akiteleza tukamwona. Shule nyingi zinamshika mpaka pepa la mwisho mwezi Mei, halafu zinamwachia siku moja.

Sisi kidato cha tano muhula wa kwanza tunabaki na kengele na notisi, maana wametoka shule mbalimbali na hawajazoeana. Muhula wa pili baadhi ya mada naacha kabisa kuandika ubaoni. Chukua ikolojia. Nawapa maswali manne na majina ya vitabu vilivyoko maktaba. Wanarudi na kurasa mbili walizoandika kwa maneno yao, kila hoja ikionyesha imetoka kitabu gani, ukurasa wa ngapi. Mara ya kwanza karibu darasa zima hunakili aya nzimanzima. Siwapi sifuri. Namwita mmojammoja, tunasoma aya pamoja, nafunga kitabu, namwambia nieleze. Anaeleza vizuri tu, mara nyingine kuliko kitabu. Haya, andika hicho ulichokisema. Wengi hushangaa kwamba hicho nacho ni kuandika.

Kwa darasa la watoto ishirini na kitu, kazi hiyo inawezekana. Mwenzangu wa shule kubwa mwenye watoto mia na zaidi kwenye somo moja hapati hata pumzi ya kuijaribu, na simlaumu. Hapo ndipo ada yako inatakiwa ifanye kazi, mama, zaidi ya kwenye godoro na wali wa Jumapili. Mtoto asiyejua kusoma vitabu vitatu na kuandika chake mwenyewe atafika chuo akitafuta desa (notisi zilizoandikwa na wengine) tangu wiki ya kwanza, na siku desa litakapokosekana atakwama.

Kidato cha sita tunaondoa usimamizi wa prepo siku tatu za wiki. Jumapili jioni kila mmoja anaandika ratiba yake, na Jumamosi anakaa na mwalimu wake mlezi: ulipanga nini, kimetokea nini, kwa nini. Tarehe za majaribio zinabandikwa mwanzo wa muhula, mara moja, hatukumbushi tena. Kijana wako alisema hakuna aliyemwambia testi ni lini. Nina hakika iliandikwa kwenye mpango wa kozi aliopewa siku za mwanzo. Kuisoma karatasi ile na kuhamishia tarehe zake kwenye daftari lako ni kitu cha kufundishwa, na kinafundishika.

Halafu kuna suala la kuchagua kozi, na hapa naumia sana. Watoto wa PCB ukiwauliza, wote ni udaktari. Sizimi ndoto ya mtu. Nawakalisha na mwongozo wa udahili wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, tunausoma mstari kwa mstari. Sharti la chini kwa digrii ni kufaulu masomo mawili ya tahasusi (kombi, kama hiyo PCB) yenye jumla ya pointi 4.0, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Juu ya hapo kila kozi ina masharti yake. Wengi wanachanganyikiwa kwa sababu kwenye divisheni pointi chache ndiyo sifa, kwenye udahili pointi nyingi ndiyo sifa. Tukishasoma ndipo mtoto anagundua kuna famasia, kuna maabara za tiba, kuna udaktari wa mifugo pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, na anaanza kuuliza maswali ya kweli. Tangu 2017 maombi yanakwenda moja kwa moja kwa kila chuo, na aliyechaguliwa zaidi ya kimoja lazima athibitishe kimoja ndani ya muda. Mtoto mwenye A zake anaweza kukosa nafasi kwa kutoshughulika na ujumbe wa simu. Hilo tunalirudia mpaka wanatuchoka.

Na wewe mzazi usingoje matokeo ndipo utafute cheti cha kuzaliwa. Bodi ya Mikopo inataka kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi. Angalia leo kama jina lililomo linafanana, herufi kwa herufi, na la cheti cha kidato cha nne.

Mhadhiri wa Mwaka wa Kwanza

Mwalimu, natamani wanafunzi wangu wote wangepita mikononi mwako. Naomba tu nitofautiane nawe pale kwenye "hatukumbushi".

Ninaowaona wakianguka siyo wanaosahau tarehe peke yao. Ni wasiokuja kuuliza. Mlangoni kwangu kumeandikwa saa za kuonana na wanafunzi, Jumanne na Alhamisi. Wanaokuja ni wachache na ni walewale wanaofanya vizuri. Vijana wa shule ndogo hasa hawaji, kwa sababu maisha yao yote mwalimu ndiye aliyewafuata. Wanasubiri nigundue, na mimi nina majina mia tatu kwenye orodha. Kwetu kozi-weki, yaani kazi na majaribio ya muhula, ni alama 40 na mtihani wa mwisho ni 60. Anayebisha hodi wiki ya kumi na mbili, hiyo 40 imeshapita, tunabaki kupiga hesabu za miujiza.

Kwa hiyo ukiacha kumkumbusha bila kumfundisha kuja, utakuwa umemtupa tu mapema zaidi. Mfundishe kubisha hodi, na aje na swali, asije na "sijaelewa kitu". Wasichana nawasisitizia zaidi. Wengi wanadhani kwenda ofisini kwa mhadhiri ni usumbufu au ni hatari. Waambieni waende wawili, mchana, mlango ukiwa wazi, na kwamba kuna ofisi ya mshauri wa wanafunzi ikiwa jambo linawaelemea.

Mtaaluma Nyanda za Juu

Dokta, nimelipokea, na nitalipeleka kwenye kikao cha walimu. Kidato cha sita nitaweka saa za kuonana, saa kumi mpaka kumi na moja, mara mbili kwa wiki, swali liwe limeandikwa kwenye daftari. Nikimwona mtu anazama nitamuuliza jambo moja tu: umeshakwenda kwa nani? Na la wasichana kwenda wawili nitamwomba matroni aliseme yeye, litasikika vizuri zaidi.

Mama wa Kihesa

Mungu awabariki. Nimeandika kila kitu. Jumamosi nakwenda Njombe, nitaomba niingie maktaba nione kama vitabu vimechakaa kwa kusomwa au vimekaa vipya na vumbi. Nitaomba nionyeshwe kazi moja ya kuandika ya mtoto wa kidato cha sita, siyo pepa la mtihani. Na nitauliza prepo ya kidato cha sita inasimamiwaje. Wakisema inasimamiwa mpaka siku ya mwisho, nitauliza kwa nini.

Kaka yake amefuta sapu mbili, iliyobaki anaifanyia kazi. Nimemsomea uzi huu wote kwenye simu.

Mwanangu wa Mlimani, nijibu moja: hilo la pesa nalifanyaje nikiwa nyumbani? Kuanzia Mei wakimaliza mpaka vyuo vifunguliwe Oktoba au Novemba, hata akienda JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), bado kuna wiki nyingi atakuwa na mimi.

Kimbweta cha Nyuma

Mama, mpe jiko. Jumatatu asubuhi mkabidhi pesa yote ya wiki, ya soko, mkaa, umeme na nauli za wadogo zake, halafu usiongeze mpaka Jumatatu nyingine. Ikiisha Alhamisi, nyumba nzima mle alichobakiza. Fanyeni hivyo mwezi mzima, na kila jioni aandike alichotoa.

Mama yangu alinifanyia hivyo baada ya bumu la kwanza kuniishia. Wewe wahi kabla.