Kambi ya Seronera: chakula nikiweke wapi usiku?

Wadau, habari za jioni. Niko Sakina, Arusha. Mwezi ujao naenda Serengeti na wanangu wawili, tutalala kwenye mahema Seronera, na pale hakuna uzio. Nitabeba maembe, mkate na nyama mbichi kidogo. Nikiviweka ndani ya hema, kuna shida?

Mpishi wa safari, Moshi
Dada yangu, usithubutu. Kuna kijana tuliyekuwa naye aliacha begi lenye maembe mawili kwenye baraza ya hema. Saa tisa usiku nikasikia turubai linakwaruzwa, kisha pumzi nzito. Fisi. Asubuhi begi tulilikuta vichakani, zipu imeng'oka, limelowa mate. Tulimshukuru Mungu hakuingia ndani.

Pale kuna mabanda ya jiko yenye wavu wa chuma. Weka humo, funga komeo. Kisichotosha kifungie ndani ya gari. Hata dawa ya meno na sabuni ya watoto, maana mnyama hafuati chakula, anafuata harufu. Matunda ndiyo nayaogopa zaidi: tembo huyanusa kutoka mbali. Na maji ya kuoshea sufuria usiyamwage karibu na hema.

Dereva
Mchana funga vioo na paa la gari. Nyani wanaingia ukigeuka tu.

Muuliza swali
Asanteni sana. Kaka mpishi, nyama naiacha nyumbani. Wale watoto je, wakitaka biskuti usiku?

Mpishi wa safari, Moshi
Wale kabla ya kulala, mezani, wanawe mikono. Hemani maji ya kunywa tu.