"Malaika" ni wimbo wa nani hasa?

Mpwa wa Tanga: Wakuu, harusini Jumamosi MC katangaza kwamba "Malaika" ni wa Miriam Makeba. Mjomba nusura amnyang'anye maiki! Ukweli ni upi?

Mzee wa Santuri: Mjomba yuko sawa. Makeba aliupeleka duniani. Mwaka 1965 umo kwenye albamu yake na Harry Belafonte. Lakini alitangulia kuurekodi Fadhili William, Mkenya, na bendi yake ya Jambo Boys. Sikiliza gitaa la pale: halina haraka kabisa, na ndio utamu wenyewe.

Binti Pwani: Mzee, mtaje na Adam Salim, naye alidai kuutunga. Boney M nao wakauimba 1981.

Mzee wa Santuri: Kweli, mwanangu. Mimi kinachonichekesha ni kuupiga harusini, wakati anayeimba kashindwa kuoa kwa kukosa mali!