Miezi 14 naomba faili la mume wangu, nimeletewa karatasi zilizopakwa wino mweusi

Wakuu, kabla hamjaniambia nitulie, someni kwanza. Sitatulia.

Tuko Marekani. Baba watoto aliingia jeshi la huku 2008, akapelekwa Afghanistan mara mbili, akaacha 2017. Safari ya pili gari lao lilikanyaga bomu la kutegwa. Alitoka mzima, kama uzima ni mikono na miguu tu. Usiku halali. Atakagua vitasa vya milango yote, atarudi kitandani, dakika kumi hazijaisha kaamka tena. Binti yetu wa miaka 9 siku hizi anaweka kikombe mezani bila kusikika. Hakuna aliyemfundisha.

Nikaanza kutafuta ushauri nasaha. Kila ninakopiga swali ni lile lile: mna karatasi inayoonyesha alikuwepo siku ya mlipuko? DD-214, yaani cheti cha kuacha jeshi, tunayo, inasema aliingia lini, akatoka lini, ana medali gani. Siku ya bomu haimo. Hayo yamo kwenye faili lake la jeshi, na faili wamelishika serikali wenyewe. Yaani kitu wamekifungia kabatini, halafu mimi ndiye nikithibitishe!

Tukajaza fomu SF-180 ya kuomba kumbukumbu za jeshi, kasaini mwenyewe. Kimya. Nikapiga simu, nikasikilizishwa muziki karibu saa nzima, mwisho akapokea kijana: "Huenda liliungua kwenye ule moto wa St. Louis." Jamani. Moto ule wa ghala la mafaili ya wanajeshi ni wa Julai 1973 na uliteketeza mamilioni ya mafaili, kwa jeshi la nchi kavu ni ya walioacha kazi kabla ya 1960. Mwaka huo mama mkwe alikuwa hata hajaolewa.

Nikahamia FOIA, sheria ya kuomba nyaraka za serikali, nikaomba ripoti ya tukio lenyewe. Sheria hiyo ipo tangu 1966, na inawapa siku 20 za kazi kujibu. Mimi nilijibiwa mwezi wa tano tangu niombe, eti ombi halijajieleza vya kutosha. Nikaandika upya: kikosi, mkoa, wiki yenyewe. Mwezi wa 14 bahasha ikafika. Karatasi 31, na 22 kati ya hizo ni nyeusi tupu. Moja wameiachia mstari mmoja, unasema siku hiyo anga lilikuwa safi. Nyingine ina nafasi ya ndugu wa kujulishwa. Jina limefunikwa, pembeni wameandika namba ya kifungu cha faragha. Nikaibandika kwenye kioo cha dirisha labda jua lipenye. Wapi. Na jina lililofichwa hapo ni langu.

Kosa langu nimeshalijua: yanayomhusu yeye angeomba mwenyewe kwa sheria ya faragha ya 1974. Nikiomba mimi bila kibali chake, hata kama nafua soksi zake, nahesabiwa mtu baki. Mbona hawakuniambia hivyo kwenye ile barua ya mwezi wa tano?

Sasa linalonichoma zaidi. Muda wote huo hakuna hata mmoja aliyenitajia Vet Center, vituo vya ushauri nasaha vya maveterani, yaani askari walioacha jeshi. Wanampokea aliyepigana vitani, na familia yake pia, bure. Hawadai awe na asilimia ya ulemavu wala awe amesajiliwa kwenye hospitali za maveterani. Aliyeniambia ni mama mmoja, mumewe naye alikuwa askari, tukisubiri watoto nje ya shule. Akaongeza kwamba hata ile namba ya simu ya msaada kwa aliyezidiwa kimawazo, 988, ukibonyeza 1 si ya askari peke yake, mke naye anapiga. Dakika tano getini zimenipa kuliko miezi 14 ya barua. Mume wangu sasa anaenda kila Alhamisi. Wiki mbili za mwanzo alikaa kwenye gari kwanza, nami nikakaa naye.

Faili bado nalitaka. Barua ya rufaa iko mezani. Nina siku 90 na nimeshatumia 61. Aliyewahi kurudishiwa kurasa zilizopakwa wino, au aliyepitia OGIS, ofisi ya serikali inayosuluhisha migogoro ya FOIA, aniambie aliandika nini hasa na alisubiri muda gani. Wa "vumilia dada" wapite tu.